Je, Yafaa Msiba Kutungiwa Shairi?

Wahenga walisema kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Methali hii tumeisema tangu utotoni, na mara nyingi tumeisema kwa kucheka, tukimtania mtu mwoga. Lakini tukiitazama vema twaona inasema jambo zito. Nyoka amekwisha kwenda zake, sumu imekwisha kutoka mwilini, kidonda kimefunga. Hata hivyo, ung'ongo ukionekana njiani, mtu yule huruka kama siku ile ile. Mwili umepona, lakini moyo haujapata habari. Hali hiyo siku hizi wataalamu huiita kiwewe, nayo huwapata watu waliookoka katika vita, gereza, njaa, ajali ya basi, au kupigwa ndani ya nyumba zao wenyewe.

Katika kurasa hizi twataka kuuliza swali moja juu ya watu hao. Tangu zamani wako miongoni mwao waliotunga mashairi juu ya mambo yaliyowapata. Je, yafaa? Shairi ni kitu cha kupendeza: lina vina, lina mizani, laimbwa. Msiba haupendezi hata kidogo. Kuuvika msiba nguo nzuri, je, si kuudanganya? Na sisi tunaosoma, tukifurahia ustadi wa mtungaji, je, si sawa na kufurahia kuumia kwake? Swali hili si la wasomi peke yao. Lamhusu kila mtu aliyepata kukaa matangani akasikia akina mama wakiimba mbolezi, akajikuta anasema moyoni kwamba wimbo huu ni mzuri, kisha akaona haya.

Tulipokuwa tukifundisha ushairi katika chuo cha ualimu, mwanafunzi mmoja alituuliza, 'Mwalimu, mtu anayelia huhesabu mizani?' Darasa zima lilicheka, lakini swali lilikuwa swali la haki. Mtu anayelia kweli hahesabu kitu. Basi yule anayehesabu, je, analia kweli? Yatupasa kulijibu swali hilo kwa mifano, si kwa maneno matupu.

Katika Agano la Kale kiko kitabu kidogo cha Maombolezo. Kilitungwa kwa sababu ya kuanguka kwa Yerusalemu, yapata mwaka 587 kabla ya Kristo, Wababeli walipouzingira mji, wakauteketeza, na kuwachukua watu utumwani. Ndani yake mna njaa, mna watoto wanaozimia njiani, mna mambo ambayo si rahisi kuyasoma kwa sauti mbele ya watu. Kitabu kizima ni mashairi matano. Msomaji wa Biblia ya Kiswahili hawezi kuona jinsi yalivyojengwa, kwa kuwa jambo hilo lilipotea katika tafsiri. Alfabeti ya Kiebrania ina herufi 22. Shairi la kwanza, la pili na la nne yana beti 22 kila moja, na kila ubeti huanza kwa herufi yake, tangu ya kwanza hata ya mwisho. Shairi la tatu lina mistari 66, yaani mitatu kwa kila herufi. Washairi wetu wa pwani nao waijua kazi ya namna hii, maana wako waliotunga mashairi yanayofuata herufi za Kiarabu, toka alifu mpaka ye.

Sasa tujiulize: watu ambao mji wao umechomwa, watoto wao wamekufa, wana haja gani ya kufuata herufi kama watoto wa darasa la kwanza? Sisi twaona sababu moja kubwa. Mtu mwenye kiwewe hawezi kuyasimulia mambo yake kwa taratibu. Humjia vipande vipande, usiku, bila kupiga hodi. Leo harufu ya moshi, kesho sauti ya mlango. Hayana mwanzo wala mwisho, na hilo ndilo linalomtisha zaidi, kwamba hayana mwisho. Lakini herufi zina mwisho. Mwenye kuomboleza kwa herufi ajua kwamba ataanza hapa na atafika pale, na kwamba baada ya herufi ya mwisho anaruhusiwa kunyamaza. Haupunguzi msiba, auwekea ukuta tu ili usimwagike nyumba nzima. Tena tuangalie shairi la tano. Nalo lina beti 22, lakini herufi hazifuatani tena. Ukuta umebaki kwa hesabu tu. Pengine mtungaji alichoka. Pengine alitaka tuone kwamba hata utaratibu una kikomo chake.

Si Waebrania wa kale tu. Karibu nasi, mjini Mombasa, alizaliwa mwaka 1946 mshairi Abdilatif Abdalla. Mwaka 1968 alitoa waraka ulioitwa Kenya: Twendapi?, akakamatwa, akahukumiwa kwa uchochezi, akafungwa miaka mitatu. Alikuwa kijana wa miaka 22. Sehemu kubwa ya kifungo hicho alikaa peke yake, katika gereza la Kamiti. Humo alitunga mashairi, akayaandika kwa siri juu ya karatasi za chooni. Alitoka mwaka 1972, na mwaka 1973 mashairi hayo yakachapishwa katika kitabu kiitwacho Sauti ya Dhiki. Mwaka 1974 kitabu hicho kilipewa tuzo ya fasihi yenye jina la Jomo Kenyatta, naye ndiye aliyekuwa Rais wa serikali iliyomfunga.

Mtu akikifungua kitabu hicho akitegemea kukuta kilio kisicho na mpango, atashangaa. Mashairi yake yanafuata kanuni za wazee: vina vya kati na vya mwisho, mizani iliyopimwa, lahaja ya Kimvita iliyo safi. Nani alikuwa akimkagua mle chumbani? Hakuna mwalimu, hakuna mhariri, hakuna msikilizaji. Askari ndiye aliyepanga saa ya kuamka, saa ya kula, saa ya kutoka nje kuota jua. Katika siku nzima ya mfungwa hapakuwa na jambo hata moja aliloliamua mwenyewe. Lakini katika mstari wa mizani 16, nane huku na nane huku, yeye ndiye bwana. Neno hili likae, neno hili litoke. Twaamini kwamba hapo ndipo ilipo sehemu ya jibu la swali la yule mwanafunzi. Anayehesabu mizani huenda analia sana. Anahesabu kwa kuwa kila kitu kingine kimenyang'anywa mkononi mwake.

Kuna jambo jingine linalofanywa na vina na mizani, nalo wazee wetu walilijua kabla ya vitabu kuenea, walipokuwa wakiziweka tenzi ndefu kichwani. Kitu chenye vina hakipotei upesi. Jambo hili lilionekana wazi huko Urusi. Mshairi Anna Akhmatova aliishi katika mji wa Leningrad nyakati za utawala wa Stalin. Aliyekuwa mumewe wa kwanza alipigwa risasi na serikali mwaka 1921. Mwanawe, Lev, alikamatwa, akaachiwa, akakamatwa tena mwaka 1938. Kwa muda wa miezi 17 mama huyu alisimama katika foleni nje ya gereza, pamoja na mamia ya wanawake wengine, kila mmoja na furushi lake mkononi, ili kujua kama mtu wake yu hai. Siku moja mwanamke aliyesimama nyuma yake alimwuliza kwa kunong'ona kama ataweza kuyaeleza haya. Akhmatova akakubali.

Akaanza kutunga mashairi aliyoyaita Requiem, jina la ibada ya kuwaombea wafu. Lakini kuyaandika na kuyaweka ndani ya nyumba kulikuwa ni kujitafutia kifo. Basi aliandika kwenye kipande cha karatasi, akampa rafiki mwaminifu asome kimya mpaka ayashike kwa moyo, kisha akakichoma kipande kile katika kisahani cha sigara. Kwa miaka mingi shairi hilo halikuwa na karatasi. Makao yake yalikuwa vichwa vya watu wachache. Mwaka 1963 lilichapishwa Munich, Ujerumani. Akhmatova alifariki mwaka 1966, na watu wa nchi yake hawakulipata kwa chapa mpaka mwaka 1987. Habari za kawaida zisingeweza kutunzwa hivyo. Zingebadilika mdomoni, zingepungua. Vina na mizani vilishika kila neno mahali pake kama kamba ishikavyo kuni za mzigo.

Katika habari hii twaona pia jambo la haki. Yule mwanamke wa foleni hakuomba kufarijiwa. Hakuomba mtoto wake atoke. Aliomba jambo moja tu, kwamba mambo haya yaelezwe. Kwa hiyo wanaosema kuwa mshairi aliyeokoka ajitwalia sifa kwa msiba wa watu, yafaa wakumbuke kwamba mara nyingine ni wenye msiba wenyewe waliomtuma.

Lakini tusiwe wepesi wa kujipongeza. Wako watu wenye akili na uchungu waliolipinga jambo hili, nao wastahili kusikilizwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Wanazi walipokuwa wamekwisha kuwaua Wayahudi wapatao milioni sita, mwanafalsafa wa Kijerumani Theodor Adorno aliandika mwaka 1949 kwamba kutunga mashairi baada ya Auschwitz ni ushenzi. Naye hakuwa mtu wa kusema kutoka mbali. Alikuwa amelazimika kuikimbia nchi yake. Hofu yake, kama tuielewavyo, ilikuwa kwamba uzuri wa maneno utatufanya tustarehe mahali pasipostahili starehe.

Na hofu hiyo haikuwa bure. Mtazameni Paul Celan. Alizaliwa mwaka 1920 katika mji wa Czernowitz, uliokuwa Romania wakati huo. Mwaka 1942 wazazi wake walichukuliwa, wakafia katika makambi. Yeye mwenyewe alitiwa katika kazi za kulazimishwa. Alitunga mashairi kwa Kijerumani, lugha aliyofundishwa na mama yake, ambayo ndiyo ilikuwa lugha ya waliomwua mama huyo. Shairi lake juu ya makambi ya mauaji, liitwalo Todesfuge, lilichapishwa kwanza mwaka 1947, kwa tafsiri ya Kiromania. Lafuata mwendo wa muziki ambamo sauti moja hutangulia, na nyingine huifuata zikiirudia. Baadaye likaingia katika vitabu vya shule vya Ujerumani. Wako walimu na wahakiki walioshughulika na mwendo ule wa muziki, jinsi sauti zinavyorudiwa, jinsi lilivyosukwa, wakawapita wafu bila kuwaamkia. Jambo hilo lilimwumiza Celan. Sisi tuliokuwa walimu twaelewa jinsi linavyoweza kutokea. Ni rahisi kumwuliza mtoto ataje vina vya kati. Ni vigumu kumwuliza ni nani aliyekufa humu.

Hata hivyo, Adorno mwenyewe alirudi kwenye jambo lile mwaka 1966, akakiri kwamba mateso yasiyokwisha yana haki ya kusema, kama vile anayeteswa alivyo na haki ya kupiga kelele. Twadhani hapo alifika mahali penye kweli. Kosa haliko katika kutunga. Kosa, likiwapo, liko katika kusikiliza. Uzuri wa shairi la msiba ni mpini. Umewekwa ili mtu aweze kukishika kitu cha moto bila kukidondosha. Atakayeusifu mpini na kukiacha chungu jikoni hakuelewa ulitiwa kwa nini.

Kwa hiyo swali letu lageuka. Hatuulizi tena kama mwenye jeraha anayo ruhusa ya kutunga. Ruhusa hiyo si yetu kuitoa wala kuizuia. Twauliza, sisi tunaosikia, tunadaiwa nini? Twaona madeni matatu.

La kwanza ni kusikiliza mpaka mwisho bila kuongeza ubeti wetu. Yatupasa kujichunguza hapa, maana desturi yetu ni kuharakisha faraja. Mtu aanza kusimulia jinsi alivyofukuzwa kijijini kwake usiku, na kabla hajafika mtoni tumekwisha kumwambia, 'Nyamaza mama, yamekwisha, mshukuru Mungu u mzima.' Ni maneno ya upendo, lakini mara nyingi tunayasema ili sisi tusisikie zaidi. Waliotuachia kitabu cha Maombolezo hawakufanya hivyo. Shairi la mwisho halina jibu la furaha. Laishia katika mashaka kwamba huenda Mungu amewakataa kabisa. Hakuna aliyethubutu kuliongezea mstari wa kulituliza. Wayahudi hulisoma kila mwaka katika siku ya kukumbuka kuangamizwa kwa Hekalu, na wakifika mwisho huurudia mstari wa kabla ya ule wa mwisho, ulio wa maombi, ili wasiachane wakiwa katika neno lile gumu. Huo ni ubinadamu, nasi twauelewa. Lakini tazameni walivyofanya: kwanza husoma lile gumu, kisha hurudia maombi. Hawakulifuta.

Deni la pili ni kutomdai mtu shairi. Siku hizi, mahali pengi, mtu aliyeokoka huombwa asimame atoe habari zake mbele ya watu, na hutazamiwa amalize kwa tabasamu. Wako wanaopenda, na hao tuwape nafasi. Wako wasioweza. Wahenga walisema mficha maradhi kilio kitamuumbua, na ni kweli. Lakini walisema pia adhabu ya kaburi aijua maiti. Mwenye jeraha ndiye ajuaye saa ya kulifunua, na ni mbele ya nani. Akinyamaza miaka arobaini, hakutuibia kitu.

Deni la tatu ni kutosema uongo juu ya nguvu ya mashairi. Tumesikia watu wakiwashauri waliojeruhiwa waandike, nao watapona. Shairi si dawa ya namna hiyo. Celan alitunga mashairi makubwa kwa miaka 25 na zaidi, na mwaka 1970, mjini Paris, alijitosa katika mto Seine akafa. Hatulisemi hili ili kumlaumu, la hasha. Twalisema ili asiwepo mtu atakayedhani kwamba kwa kuwa jirani yake anaimba, basi hahitaji tena daktari, wala chakula, wala mtu wa kulala naye nyumba moja usiku wa mvua. Shairi laweza kuuwekea msiba ukuta, laweza kuutunza usipotee, laweza kuupeleka kwa watu wengine ili nao waubebe. Hayo ni mengi. Kupona ni jambo jingine, na mara nyingi lahitaji watu wengi na miaka mingi.

Turudi basi kwa akina mama wa mbolezi. Mtu akijikuta anauona wimbo wao kuwa mzuri, tusimwambie aone haya. Wameufanya mzuri makusudi, ili uweze kubebwa na kwaya nzima pale ambapo mfiwa mmoja angeanguka nao. Lakini tukisha kuuona uzuri wake, tuulizane ni nani anayeliliwa, jina lake ni nani, ameacha watoto wangapi, nao watakula nini mwezi ujao. Na safari nyingine katika mitaa yetu, ratiba ya mazishi ikiwa imebana na wenye hotuba wanatazama saa zao, tuwaombe wazee wawaache akina mama wamalize wimbo wao kwanza. Hotuba zaweza kungoja.